Uongo Aliomwambia Ndolo

Gedion aliinunua nyumba ya Syombua kwenye mnada wa benki, pale Makindu, na hakuna aliyepandisha bei juu yake. Wiki mbili baadaye Syombua akampigia simu aje achukue funguo.

Alikuta nyumba imefagiwa. Syombua, mjane waliyeimba naye kwaya moja miaka tisa, alimtembeza chumba kwa chumba.

"Bomba hili usilikaze sana, Shemasi, litakatika. Na mvua ya upepo ikija, dirisha lile huingiza maji. Weka gunia."

Gedion aliitikia tu.

"Niliomba kama ni lazima iende, iende kwa mtu wa kanisa letu," Syombua akasema. "Mungu amenisikia."

Hapo Gedion alitamani ardhi immeze. Marehemu mume wa Syombua aliweka hati ya nyumba benki ili akopeshwe pesa za lori. Alipofariki, deni likamwangukia mjane. Benki ikampa miezi mitatu auze nyumba mwenyewe, ilipwe chake, naye abaki na kitakachosalia. Akapata mnunuzi, Ndolo, mfanyabiashara wa Kambu. Siku moja Ndolo alipita dukani kwa Gedion kununua simiti, akamuuliza kuhusu nyumba hiyo. Gedion, aliyekuwa akiimezea mate siku nyingi, akajibu bila kupepesa macho: "Hiyo ina kesi ya mpaka. Mashemeji wa Syombua watakusumbua."

Hakukuwa na kesi yoyote. Ndolo akaacha kushika simu za Syombua. Miezi ikaisha, mnada ukaja, na bei ikatosha deni peke yake.

Syombua alimnyooshea funguo. Gedion hakuzipokea.

"Mama Kaveke, kaa kwanza," akamwambia Syombua.

Akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni.

Syombua alizishusha funguo mapajani. "Nilidhani nilimtajia Ndolo bei kubwa," akasema. "Nimejilaumu mpaka nikakonda."

"Nitakulipa kile ulichopoteza."

"Utalipa. Lakini kwanza mpigie Ndolo, umwambie vile umeniambia. Nikisikia."

Gedion akapiga, akaweka spika. Ndolo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mama yuko hapo. Akamwomba msamaha kwa kutoshika simu zake. Gedion hakuambiwa neno, na simu ikakatwa.

Aliuza ng'ombe wanne, akalipa kwa awamu tatu. Syombua alipokea kila awamu, akahesabu, akatia sahihi. Kisha akahamia Kitui kwa dada yake, na salamu za Gedion hakuzijibu.

Gedion aliacha ushemasi. Jioni moja mkewe, Mwongeli, alimuuliza watahamia lini nyumba mpya. Akamsimulia, bila kujitetea. Mwongeli aliendelea kuchambua ndengu kwenye ungo, punje kwa punje, wala hakuinua uso kumtazama.