Sharti la Wodi ya Tano

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye akili na wenye nywila: hospitali yetu tukufu ilizindua Mfumo Usiokosea. Mkurugenzi alikata utepe kwa mkasi ulioazimwa chumba cha upasuaji. Utepe ulikatika vizuri. Baada ya hapo kila kitu kilimngoja fundi.

Fundi mwenyewe waliyemwita Mabano ndiye aliyeandika programu ile ya kompyuta, kwa lugha ya Java, inayopokea maombi ya wodi zote na kuyagawa. Kiini chake kilikuwa sharti moja lililofungwa ndani ya mabano: ombi la damu likiwa na alama ya "haraka", liende benki ya damu na kengele ilie, la sivyo, likae foleni ya kawaida, ambayo husomwa mtu akijisikia.

Asubuhi ya Jumatano moja alipita wodi ya tano kumwona bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akivuja damu tumboni.

"Mume wangu, umekuja mikono mitupu?" bibi akamtania mjukuu wake, kama kawaida.

"Nimekuja na sura yangu, mke wangu."

"Basi leo tutalala njaa."

Sista wa wodi hakucheka. "Damu yake nimeiomba tangu jana. Haraka, haraka, haraka! Huo mtambo wako umetia pamba masikioni?"

Mabano alifungua mdomo ajibu kwa mzaha, kisha akakumbuka. Sista huyu alikuwa akiweka "haraka" hata kwenye ombi la sabuni. Kwa hiyo Ijumaa iliyopita, ili kumkomoa, Mabano alikuwa ameongeza maneno machache kwenye sharti: na mtumaji asiwe wodi ya tano. Ofisi nzima ilishika mbavu. Angeyafuta Jumatatu. Jumatatu ikaja na mambo yake.

Alikimbia ofisini. Maombi ya damu ya bibi yalikuwa yamejipanga kwa adabu nyuma ya sabuni. Akafuta maneno yake, akayatuma maombi upya, akapiga simu benki ya damu.

"Kundi hilo? Chupa ya mwisho imeingia chumba cha kujifungulia sasa hivi, kaka. Jana zilikuwepo. Gari linaleta nyingine kesho."

"Nitoe yangu."

"Yako haimfai. Tuliipima mlipopimwa wafanyakazi wote."

Aliporudi wodini, midomo ya bibi ilikuwa na rangi ya shuka. Daktari alikuwa ameshasema, kwa sauti ya chini, kwamba kesho ni mbali.

"Mwanangu," akasema mama yake, aliyekuwa amefika kumwuguza bibi, "mtambo unaujua wewe. Nani kafanya hivi? Nitajie nimlaani."

"Mama, unajua, mtandao ukiwa..."

Simu yake ikaita. Alipoipokea, kidole kikabonyeza spika bila kukusudia.

"We Mabano!" mwenzake wa ofisini aliangua kicheko. "Ule utani wako wa wodi ya tano umeutoa, au Sista bado anapiga kelele?"

Sista akamgeukia. Mama akamgeukia.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Hakuna mtandao wala nini. Niliandika kwa mkono wangu, nikijua, nikicheka."

Mama hakumlaani. Alisogeza kiti karibu na kitanda, akampa mgongo.