Mbuzi wa Ntheo na Mzaha wa Mutunga

Kalunde alikuwa amemwonya Mutunga mpaka ulimi ukamchoka. Baba si mtu wa mizaha. Ni mzee wa kanisa, ukimwambia neno analichukua vile vile ulivyolisema. Mutunga akacheka tu, akasema asipochekesha, watu watagundua hana kitu.

Sasa ona. Mwaka ule wa njaa, themanini na nne, Mutunga amefika kwa kina Kalunde, huko Kwa Vonza, na mjomba wake na mbuzi watatu wa ntheo, wale wanaotangulia mahari. Mmoja akichinjwa na kuliwa hapa nyumbani, Kalunde ni mke wa mtu. Chai haijapoa, kijana ameshaanza.

"Mzee, mbuzi wamekonda kama mimi, ila wao wana akili kidogo."

Mjomba akacheka. Mzee Kivuva, baba yake Kalunde, hakucheka. "Na binti yangu utamlisha nini?"

"Matumaini, mzee. Yakiisha, atarudi kwenu apate uji."

Uso ukamwaka Kalunde. Si kwamba hapendi kucheka, jamani. Ng'ombe wao wa mwisho alipokufa, yeye ndiye aliyemwambia mama, "Basi tulale hadi jua litoke, hakuna wa kukamuliwa. Mvua ikinyesha, tutapata mwingine wa kutuamsha." Mama akacheka. Lakini Kalunde hucheka kwa sababu mvua itanyesha, Mutunga hucheka kwa sababu haitanyesha. Na huyu Mutunga ndiye aliyechimba matuta shamba zima la mama yake, peke yake, kwa jembe! Si aseme hilo tu?

Baba akamgeukia, kama desturi inavyotaka. "Kalunde, tumle huyu mbuzi?"

Miaka yote tangu amjue Mutunga alikuwa akilingoja swali hili.

"Kwanza aseme jambo moja zuri juu yake mwenyewe," akasema. "Moja tu, bila mzaha."

Mutunga akamtazama mjomba, kisha akatazama viatu vyake. Kalunde akangoja, akiomba yale matuta yamjie kinywani.

"Meno," Mutunga akasema hatimaye. "Meno ninayo yote."

Mjomba akaangua kicheko. Kalunde alitamani kumpiga Mutunga kofi, na kumkumbatia, yote pamoja.

"Msimchinje, baba," akasema. "Aende naye. Siku atakayojua anachoniletea, amrudishe hapa."

Mutunga akaenda kufungua kamba ya mbuzi. Tangu wajuane, hiyo ndiyo mara ya kwanza kukosa la kuchekesha.