Rondela Moja Mpya

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu wamzike Lambert, na kwa muda wote huo mikono ya fundi Alfani ilifanya kazi peke yake. Ilipewa chakula, ikakipeleka kinywani. Ilipewa spana, ikafungua. Mwenyewe hakuhisi njaa wala huzuni. Alikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

Asubuhi hiyo gari ya jipu ilikuwa uani kwake, katika komini ya Tshopo, imepandishwa juu ya magogo mawili. Ilikuwa imerudishwa mjini juu ya lori. Gurudumu lake la mbele la kulia lilichomoka kwenye mteremko wa barabara ya Bafwasende, likatumbukia mtoni pamoja na habu yake nzima, kile kitovu kinachoshika gurudumu, wala halikuonekana tena. Lambert, aliyekuwa dereva, alifia palepale. Sasa mwenye gari alitaka itembee: kulia iwekwe habu nyingine, na kushoto ifunguliwe, ibadilishwe joint iliyochanika katika ajali, ule mpira wa duara unaozuia maji ya matope yasiingie kwenye beringi.

Yannick, mdogo wake Lambert, alifika mapema, akaketi juu ya tairi.

"Tonton Alfani, famille imenituma. Nione na macho yangu."

"Uone nini?"

"Kama kazi yako ilikuwa muzuri. Kama chuma iko muzuri, basi tunajua ni mukono ya nani."

Alfani alijua ni mkono wa nani uliokuwa ukisemwa. Mama Émilie, shangazi yao aliyewalea, alimkataza Lambert asisafiri siku ile. Onyo lake likageuzwa kuwa ushahidi: angejuaje, kama si ndoki, yaani mchawi? Ni Yannick mwenyewe aliyetupa nje godoro la huyo mama. Sasa mama alikuwa akilala kwenye baraza ya kanisa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Yannick hakulijua. Siku mbili kabla ya safari, Alfani alifungua magurudumu yote mawili ya mbele. Joint mpya alizipata mbili. Rondela ya kufungia aliipata moja tu, soko zima. Rondela hiyo ni kibati chembamba chenye meno. Jino lake hukunjwa juu ya nati ili isijifungue njiani. Hukunjwa mara moja. Likinyooshwa na kukunjwa tena, hupata ufa. Upande mmoja Alfani aliweka rondela mpya. Upande wa pili aliigonga ile ya zamani kwa nyundo mpaka ikanyooka, akaikunja tena, kama mafundi wengi wa mji wafanyavyo.

Upande upi? Alikiuliza kichwa chake kila siku, nacho kilinyamaza.

Kushoto ndiko kungesema. Kukiwa na rondela ya zamani, basi kulia kulikuwa na mpya, na kosa si lake. Kukiwa na mpya, basi Lambert alikwenda na ile iliyogongwa.

"Unafungua pole pole kama mutu anafunua kikapu ya nyoka," Yannick alisema.

"Nati inataka heshima."

"Lambert alikuwa anasema wewe unasalimia bulon mbele ya kuifungua."

Nusura wacheke. Alfani akatoa kifuniko, akapangusa grisi kwa kitambaa.

Rondela iling'aa. Jino lake lilikuwa limekunjwa mara moja tu, na hapakuwa na alama ya nyundo.

Yannick akainama. "Iko mupya."

"Iko mupya."

"Bon. Donc ulifanya kazi muzuri, tonton. Nilijua." Akasimama, akakung'uta suruali. "Nitawaambia. Yule mama hataingia tena mu nyumba."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele ya Alfani, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Akangoja woga uje, au aibu. Havikuja.

"Ngoja, Yannick. Nilipata rondelle mupya moja tu. Ni hii."

"Na kule kulia?"

"Ya zamani. Niliinyoosha na nyundo."

"Lambert alijua?"

"Nilimuambia itafika Bafwasende na itarudi. Akasema, kama ni weye umesema, itafika."

Mkono wa Yannick uliinuka, ukabaki hewani, ukashuka. "Ungenyamaza, hakuna mutu angejua."

"Na Mama Émilie angelala wapi?"

"Jumamosi famille inakutana. Utasema mbele yao."

"Nitasema. Lakini tuanze na yeye. Leo."

Akachomoa rondela, akafunika habu kwa kitambaa safi vumbi lisiingie, wakaondoka, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Mama Émilie alikuwa barazani akichambua pondu. Alfani alieleza akiwa amesimama, kisha akaiweka rondela katika ungo, juu ya majani ya muhogo.

"Ni wewe, Alfani."

"Ni mimi, mama."

"Nilimukataza Lambert sababu mutoto wake alikuwa na homa," alisema. "Hakuna mutu aliniuliza."

Akaendelea kuchambua mpaka fungu likaisha. Kisha akakunja mkeka wake, akamnyooshea Yannick.

"Beba."

Yannick akabeba. Mama Émilie akatangulia kuelekea nyumbani na ungo wake, bila kumtazama Alfani.

Alfani akarudi uani. Akafunua habu, akaosha beringi kwa petroli, akaweka joint mpya. Alipomaliza kushoto akahamia kulia. Safari hii rondela mpya zilikuwa mbili.