Kadzo Asiyejua Kukataa

Mama mwenzangu, kama una mtoto wa namna ya Kadzo wangu, weka mtungi chini unisikilize.

Kadzo ni mwanamke mzima. Ana kifua, ana nguvu, na akijitwika maji hayatui mpaka aambiwe tua. Lakini akili yake ilisimama alipokuwa mdogo, baada ya degedege, na haikuondoka pale iliposimama. Ukimuuliza umeshiba, atasema ee. Ukimuuliza una njaa, ee. Ndivyo tunavyolea kwetu: mtoto akiulizwa na mkubwa aitikie, asimtumbulie macho. Watoto wengine hujifunza kukataa huko nje, kwa kugombana na wenzao. Kadzo hakuwa na wenzake. Akakua na ile ee yake, na watu wakamsifu, "Mwana wa Kavumbi ana adabu huyo!" Nami nikaona fahari.

Kavumbi ni marehemu mume wangu. Aliacha shamba la minazi upande wa Takaungu, linateremka mpaka kwenye mkono wa bahari. Watoto wetu wengine tuliwazika wangali wadogo, kwa hiyo kabla hajafa alitamka mbele ya chifu na wazee kwamba shamba ni la Kadzo. Mimi nikawekwa msimamizi wake, chini ya ofisi ya serikali kule Kilifi, ile inayotunza mali za watu wasioweza kujitunzia. Naangua nazi, nauza, namlisha na kumvisha mwanangu, lakini siwezi kuuza shina moja la mnazi bila ofisi kukubali.

Mtu wa ofisi aliyekuwa akija kutuangalia ni Jedida, mwanamke wa bara, mrefu, mkavu wa maneno. Hatoi habari kwamba anakuja. Utasikia hodi, na kabla hujasema karibu yuko uani, anafunua sufuria kuona tumepika nini. Humshika Kadzo mikono akatazama kucha. Kisha huniambia, "Mama, tupishe," akabaki naye peke yake akimuuliza maswali, nami nasimama nyuma ya ukuta wa makuti natega sikio. Watu walikuwa wakisema kwamba walio kama Kadzo huchukuliwa wakapelekwa mbali, wakafungiwa ndani, na wanaorudi hurudi hawamjui mama yao. Nilimwogopa Jedida kuliko nyoka.

Ngala sikumwogopa. Ngala ni ndugu mdogo wa Kavumbi, damu moja. Alikuwa akituletea samaki, maana anajua Kadzo hana anachokipenda duniani kama samaki wa kukaanga. Akija huniambia, "Shemeji, yule mwanamke wa bara akikusumbua niite mimi. Nyumba hii haijakosa mwanamume." Nami nasema ahsante.

Asubuhi moja akaja mbiombio, hata salamu hakumaliza.

"Shemeji, umeitwa ofisini. Leo hii hii. Yule bibi yako anasema humtunzi mtoto, anataka kumchukua."

"Nani kakwambia?"

"Nimekutana na tarishi wao sokoni. Nenda ukajitetee. Na Kadzo usimchukue, we! Ukienda naye utakuwa umempeleka kwa mkono wako mwenyewe."

Nikaona shemeji yangu ana akili. Nikamwacha Kadzo kwa jirani yangu Kadii, ambaye tunasuka makuti pamoja, nikajifunga leso, nikavuka kwa feri nikaenda zangu Kilifi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumlilia Jedida.

Nilimkuta anakunywa chai.

"Mama Kadzo? Kuna nini?"

"Si umeniita?"

"Mimi? Sijaita mtu."

Nikamweleza. Akaweka kikombe chini polepole. "Na Kadzo uko na nani sasa?"

"Yuko kwa Kadii, jirani."

"Huyu Ngala, siku hizi rafiki yake ni nani?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka Nzai. Nzai ni dalali, huwatafutia watu wa mahoteli viwanja vya ufuoni. Ngala alikuja naye kwangu juzijuzi. Wakasimama, Nzai akawa anamtazama Kadzo akisuka makuti, kisha anatazama minazi, kisha Kadzo tena. Akauliza, "Huyu bado hajaposwa?" Ngala akacheka, "Nani wa kumposa huyu?" Na mimi nikacheka nao, mama yake mzazi.

Kwetu posa ina mlango wake. Mwanamume huleta kadzama, yaani mtungi wa tembo la mnazi, na wazee huketi. Lakini tembo halinyweki mpaka msichana aitwe mbele yao aulizwe kwa kinywa chake: tunywe au tusinywe? Akikataa, mtungi hurudi ulikotoka. Akisema ee, kata ya kuchotea inazamishwa, na likishapita kooni kwa wazee msichana ana mume. Mama hana la kusema. Ni desturi nzuri, imewaokoa wasichana wengi. Waliokuwa na kinywa.

"Akiolewa," nikamuuliza Jedida, "shamba linakuwa la nani?"

Alishachukua mkoba wake. "Twende."

Pale kivukoni feri ilikuwa imelala ng'ambo, injini imefunguliwa, mafundi wanaitazama kama watu waliofika matangani. Foleni ya magari imepanda mpaka juu. Nikamshika mfanyakazi mmoja wa feri mkono, nikamwambia baba, nivushe, mwanangu anaangamia. Akadhani namtania. "Mama, unaiona ile chuma? Rukia majini ukaisukume, sote tuvuke!" Watu wakacheka.

Jedida ndiye aliyemwona mtu mwenye mtumbwi. Mtumbwi mwembamba, una maji ndani. Aliingia akashika kingo zote mbili, akafumba macho, na midomo yake ikawa inasoma Zaburi kwa lugha ya kwao. Mtu wa bara, hajui kuogelea. Kila wimbi likigonga anaruka. Nikamtazama nikasema moyoni: mtu asiyemtakia mwanangu mema hawezi kuingia humu kwa ajili yake. Na nikajua niliyepaswa kumwogopa siku zote hizi ni nani.

Lori la mkonge likatubeba kipande cha njia, palipobaki tukaenda kwa miguu, tunakwenda tunakimbia. Kwa Kadii hakuna mtu. Makuti yamelala uani, yamesukwa nusu. Nikaita. Kuku tu ndio walioitika.

Kwa Ngala nilisikia sauti za wanaume tangu njiani. Kadii alikuwa kando ya nyumba, jasho linamtoka, kitana kimeshika nywele zake mwenyewe.

"Alikuja Ngala akamuuliza Kadzo, twende kwangu ukale samaki? Akasema ee. Ningefanyaje? Nikawafuata. Wakaniambia nimwogeshe nimpambe. Nimemwogesha mara mbili, dada. Nimemsuka, nimemfumua, nimemsuka tena. Nikawaambia leso imechanika, wakaleta nyingine. Nimeishiwa. Wameshamwita."

Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya miguu mitatu, na katikati yao mtungi. Aliyeshika kata ni Baya, mkubwa wao. Nzai amekaa upande wa pili na kofia yake gotini. Na Kadzo wangu amesimama mbele yao, amepakwa mafuta anang'aa, leso mpya, kipande cha samaki mkononi, anacheka kwa furaha kwa sababu hajawahi kutazamwa na watu wengi namna ile.

Ngala aliponiona hakushtuka. "Aa, shemeji! Leo feri haikuharibika?"

Baya hakugeuka. Alikuwa ameshaanza. "Kadzo, mwana wa Kavumbi. Tembo hili limeletwa na Nzai. Tunywe?"

"Ee," akasema Kadzo.

Kata ikazama mtungini.

"Simamisheni hiyo kitu!" Jedida alipaza sauti. "Huyu mtu uko chini ya ulinzi wa serikali. Mali yake na yeye mwenyewe. Hamuwezi—"

"Mwanangu," Baya akamkatiza, kwa upole tu, "serikali yako tunaiheshimu. Lakini hapa ni uani kwa watu. Mwenyewe ameulizwa na mwenyewe amejibu, umesikia. Sheria yako na ipumzike ng'ambo ya feri."

Wakacheka. Nikaona Jedida amefika mwisho wa njia yake. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mzee Baya."

"Marahaba, mama."

"Mwanamke hana neno mbele ya kadzama, nalijua hilo. Lakini mama hana haki hata ya kumsikia mwanawe kwa masikio yake?"

Baya akafikiri. "Ya kusikia anayo."

"Basi niruhusu nimuulize mimi."

"Muulize," akadakia Ngala. "Muulize hata mara kumi."

Nikamgeukia. "Kadzo, mama. Wataka kuolewa na Nzai?"

"Ee."

"Umesikia?" akasema Ngala.

"Kadzo. Wataka kuolewa na mzee Baya?"

"Ee."

Uani pakalipuka kicheko. "Mzee, umepata! Toa mahari!" Baya mwenyewe akacheka na mapengo yake. Mimi sikucheka. Neno lililofuata nililijua, na nilijua kwamba likitoka halimezeki tena. Neno kama hilo likitamkwa katika boma, wako waliokwisha kuhama kwa ajili yake.

"Kadzo. Wataka kuolewa na Ngala, baba yako mdogo?"

Kicheko kikakatika. Ngala akainuka. "Nyamaza, we mwanamke!"

"Ee," akasema Kadzo, na akamtabasamia Ngala, kwa sababu ya samaki.

Baya alikitazama kile kilichokuwa ndani ya kata kama mtu aliyeona mdudu. Akakimwaga. Kisha akaulaza mtungi kwa mguu wake, na tembo lote likaenda mchangani, likatoa povu, likanywewa na ardhi.

"Tembo lililosikia neno hilo halinyweki," akasema. Akamtazama Ngala. "Ulituambia anaelewa."

"Mzee, huyu mwanamke amemtega!"

"Mtego ulikuwepo. Yeye ametuonyesha tu aliyeutega."

Nzai akavaa kofia yake. Alipokuwa akinipita alisema chinichini, "Shamba halikimbii, mama." Na Ngala akanyoosha kidole: mimi ndiye niliyeitia nyumba yake uchafu, mbuzi wa kuitakasa nitamtoa mimi. Nikamtoa. Ningetoa na ng'ombe kama ningekuwa naye.

Njiani Kadzo alitangulia na Kadii, anaimba. Nikamuuliza tena Jedida lile swali alilokataa kunijibu ofisini.

"Shamba haliendi," akasema. "Hata wangekunywa bahari nzima, shamba haliendi kwa Nzai bila korti. Hiyo ningepigania mpaka mwisho." Akamtazama Kadzo kule mbele. "Lakini yeye angelala kwa Nzai leo. Shamba ningerudisha, mama. Yeye ningemrudisha namna gani?"

Nikakaa chini palepale katikati ya njia. Yeye ndiye aliyeniinua.

Tangu siku hiyo namfundisha Kadzo neno moja. Tunasuka makuti, nami namuuliza: Kadzo, nikupige? Ananitazama. Namwambia, sema sitaki. Anasema sitaki. Kadzo, nikutie pilipili machoni? Sitaki. Ilichukua masika na kiangazi. Lakini likawa linatoka kwangu tu. Nikiuliza mimi, sitaki. Kadii akiuliza maneno yaleyale, ee. Usiku nalala nikilisikia: ee, ee, ee.

Juzi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia mtu uani.

"Kadzo, mamako yupo?"

"Ee."

Ilikuwa sauti ya Ngala. Nikaacha kukuna. Harufu ya samaki wa kukaanga ikaingia mpaka nilipokaa.

"Twende kwangu ukale samaki?"

Sikuinuka. Sijui kwa nini sikuinuka, mwili ulikataa. Nilisikia ukuti mmoja ukikunjwa juu ya mwingine, taratibu. Anasuka. Anafikiri.

"Sitaki."

Kisha Ngala akacheka. "Haya. Wamekufundisha kama kasuku." Akasogea mpaka kwenye mlango wa jiko, akaniona nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia na kifuu mkononi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Shemeji, kasuku anafuata sauti ya aliyemfundisha. Na wewe unazeeka."

Akaenda zake na samaki wake.

Kesho yake nilivuka feri na Kadii na Kadzo mwenyewe. Jedida alishaniuliza kitambo, "Na ukifa wewe, nani?" nami nikawa nakwepa, kana kwamba kutaja kifo ni kukiita. Mama mwenzangu, kifo hakingoji kuitwa, na Ngala wako naye hangoji. Nimemtaja Kadii mbele ya ofisi, na ofisi imemkubali awe msimamizi baada yangu. Naye sasa kila jioni anakaa na Kadzo bila mimi, akiuliza kwa sauti yake: nikupige? nikuuze? nikutie motoni? Siku nyingine anapata ee, siku nyingine sitaki.

Nimemwambia Kadii: ukinizika mchana, usikae matangani. Kabla watu hawajakung'uta mchanga mikononi uwe umeshamshika mwanangu, mmeshaondoka kwenda kwa Jedida. Na umuulize njiani, umuulize mpaka mfike.