Viti Vipya vya Gari la Watu

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na siku aliyotia saini ule mkataba alikuwa na gauni la bibi harusi mezani, hana hata nafasi ya kujikuna. Mdogo wake, fundi rangi za magari ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, alimwekea karatasi kumi na mbili za kukodi gari mbele yake, akamwonyesha kwa kidole pa kusaini.

"Hapa tu, dada. Unasema tu kwamba unanifahamu."

"Nakufahamu sana tu," alisema, akasaini.

Loo! Kumbe mdhamini si shahidi wa tabia. Ukurasa wa tisa, ambao hakuna aliyeusoma, ulisema mwenye kukodi gari akishindwa, mdhamini atadaiwa kila kitu, na dhamana yake ni cherehani ya kudarizi. Cherehani hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe wawili.

Brashi hakushindwa kulipa. Miaka miwili mizima alilipa kila mwezi kabla ya tarehe. Tatizo lilikuwa mapenzi. Gari lilikuwa pikapu nyeupe, na weupe ule ulimkera, akasema ni wa hospitali. Wiki ya tatu akaipaka kijani, mikono mitatu ya rangi, ikang'aa mpaka ungeweza kuchania nywele mbele yake. Dada naye hakukubali kupitwa. Viti alivichana, kitambaa chake akakitupa jalalani, akashona vipya vya ngozi bandia, rangi ya maziwa, mishono miwili miwili. Ndivyo walivyokuwa hawa ndugu. Hata mwavuli wa kuazima ulirudi kwa mwenyewe na mpini mpya.

Mkataba ulipoisha walienda kurudisha gari wamevaa vizuri, wakitegemea kushukuriwa.

Ofisa wa kampuni alilizunguka mara mbili, kalamu mkononi. "Lilikuwa jeupe."

"Lilikuwa," Brashi alikubali kwa fahari.

"Na viti?"

"Hivyo ni mimi," dada alisema, akamfungulia mlango ili aone mshono.

Ofisa akaandika. Alisema kazi ni nzuri, hajapata kuona kama hiyo. Halafu akawasomea mkataba. Gari ni la kampuni mwanzo hadi mwisho. Mwenye kukodi analitumia, analikatia bima, analitunza, lakini halibadilishi. Gharama za kulirudisha lilivyokuwa ni zake, na asipolipa hadi Ijumaa, kampuni itakwenda kwa mdhamini kuchukua cherehani.

"Kwa hiyo nadaiwa kwa gari ambalo sina hata ruhusa ya kuliendesha?" dada aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na nikilipa, nalichukua?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Walirudi kwa miguu. Dada moyo ulikuwa juu juu. Alimjua mdogo wake: mambo yakiharibika, haonekani. Na kweli, siku tatu simu hakupokea. Alhamisi dada akaifuta cherehani vumbi, akaitia mafuta, maana hakutaka watu waje kuichukua ikiwa chafu wakamsema. Akalia kidogo, kisha akaendelea kutia mafuta.

Ijumaa asubuhi Brashi akaingia, akaweka risiti ya kampuni juu ya meza. Deni limelipwa lote.

Safari hii dada alisoma kila mstari, mbele na nyuma. "Pesa umezitoa wapi?"

"Nimeuza mashine ya kupulizia rangi."

"Ipi?"

"Kwani ninazo ngapi?"

Alikuwa nayo moja. Alikuwa ameitumia miaka kumi na moja, na mtu akiigusa tu alikuwa anagombana naye. Dada akamjia juu. Mjinga we! Fundi rangi bila mashine ni fundi gani? Nani alikutuma? Kesho utakula wapi, hebu niambie, utakula wapi? Alifoka huku machozi yakimtiririka, wala hakujisumbua kuyaficha.

Brashi alimwacha amalize. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Kwako," alisema. "Si wewe ndiye mdhamini wangu?"

Dada akapenga kamasi kwenye kipande cha kitambaa, akamsogezea pasi na gauni lililosubiri kunyooshwa.