Neno la Kutuliza

Mwandishi wa hotuba za Waziri alikuwa na ulimi wa kukodisha, na mwenyewe alijisifia hivyo kwa wenzake. Siku hiyo kodi yake ilimtokea puani, ukumbini, mbele ya mama yake mzazi.

Waziri alikuwa akieleza mchango wa Waislamu katika taifa. Kijana huyo mwandishi ndiye aliyeyaandika yote: walimu, madaktari, askari waliokufa vitani, na mwishoni mkunga mmoja mstaafu. Mkunga huyo ni mama yake. Alimketisha safu ya mbele pamoja na Mama Pacha, jirani yao Mkristo, ambaye pacha wake walipokewa na mikono ya mkunga huyo huyo. Mama alivaa buibui jipya na kujipulizia manukato mpaka walinzi wakageuka.

Sasa, pale ofisini walikuwa na mtindo wao. Ukilisifu kundi moja, lazima uweke neno la kuwatuliza wengine wasije wakanuna. Kijana alishazoea, mkono ulikuwa ukiandika wenyewe.

“Mama huyu,” Waziri akasoma, “ingawa ni Mwislamu, hakuwahi kumbagua mtu. Alizalisha wa dini zote.”

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Pacha hakupiga. Mama alikuwa ameanza kuinuka awapungie watu. Akakaa tena taratibu, akaukumbatia mkoba wake. Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze. Sentensi ile aliiandika huku anakunywa chai, wala hakuirudia kuisoma.

Hotuba ilipokwisha, mama akamwita pembeni, Mama Pacha akiwa naye.

“Lile ‘ingawa’ ni la nani?”

“La Mheshimiwa, mama. Akishika kipaza sauti huongeza ya kwake.”

Uso wa mama ukakunjuka. Akamgeukia jirani yake. “Si nilikwambia? Mwanangu nimemzaa mwenyewe, hawezi kunisema hivyo.”

Kijana akaangalia viatu vyake. Aliona aibu ya kwanza, kisha ya pili iliyokuwa mbaya zaidi, kwa sababu mama alimwamini upesi mno. Mara Waziri akawafikia na mpiga picha wake.

“Shikamoo, mama. Umetuzalia kijana hodari. Anachoandika ndicho ninachosoma, hata nukta siongezi.”

“Marahaba, baba,” mama akajibu. Picha ikapigwa, naye akatabasamu, maana ni mtu wa adabu zake.

Nje, kijana akanyoosha mkono ambebee mkoba. Mama akampa Mama Pacha.

“Siku uliyozaliwa wewe,” akamwambia bila kupandisha sauti, “mkunga wa mtaa mzima nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nauma shuka. Aliyekupokea ni huyu. Hajawahi kuzalisha mtu, anatetemeka mwili mzima. Lakini hakusema ‘ingawa’.”

Wakashuka ngazi wameshikana mikono, kijana akawafuata kwa nyuma.