Mama Nuksi na Kasino za Mikoani

Mshona sare mmoja, watu wakimwita Mama Fundi, alikuwa na kitindamimba wake, dereva wa gari la mizigo aliloachiwa na marehemu baba yake. Gari hilo ndilo lililokuwa unga, dawa na ada ya nyumba mbili, ya mama na ya kijana. Naye kijana kila mkoa alikopeleka mzigo alitafuta kasino kama nzi anavyotafuta kidonda.

Kasino ya nyumbani ilishamkamua. Lakini wachezaji wana imani yao: mashine ikikuzoea inakudharau, basi bahati uifuate ugenini. Akacheza mji wa bandari, akaacha redio ya gari. Akacheza mji wa ziwani, akaacha tairi la akiba.

"Mama, mashine za kule hazinijui."

"Hazikujui, lakini zinakula vilevile."

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku mkwewe alipokuja analia kwamba mumewe amekwenda mji wa mgodini na kadi ya gari mfukoni, Mama Fundi alifunika cherehani, akapanda basi.

Alifika jua la mchana likichoma. Ndani ya kasino kulikuwa na giza la taa nyekundu, hakuna dirisha wala saa ukutani, ili mtu asijue kuwa dunia inaendelea bila yeye. Mlinzi akamzuia.

"Mama, hapa ni kwa wachezaji tu."

"Na mimi nina mchezo wangu," akasema, akapita.

Alimkuta mwanawe kwenye meza ya gurudumu la kamari. Kadi ya gari imewekwa mezani kama rehani, na mkopeshaji wa kasino ameshanyoosha mkono kuichukua. Mama Fundi akasimama tu nyuma ya kiti cha mwanawe.

Bonge mmoja mwenye miwani akaruka. "Mama, usimsimamie mtu mgongoni! Unatutia nuksi, bahati inakimbia!"

"Alaa! Kumbe inakimbia?"

"Tena mbio!"

Basi aliyekosa fimbo akapewa rungu. Mama Fundi akaanza kuzunguka, kiti hadi kiti, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, akimpumulia kila mtu kisogoni. Mmoja akashindwa, akapiga meza. Wa pili akashindwa, akatukana. Mkopeshaji naye akarudisha mkono wake taratibu, maana hata yeye aliogopa.

Meneja akaja mbio. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usihangaike, sina haraka."

"Tukupe soda ukakae nje?"

"Nipe mwanangu na kadi ya gari."

"Lakini huyu ni mtu mzima."

"Na mimi ni mtu mzima kuliko yeye. Kesho nakuja na mashoga zangu wa kikundi. Tuko wengi, na miguu tunayo."

"Meneja, chagua!" bonge akapiga kelele. "Sisi au huyu Mama Nuksi!"

Meneja akaokota kadi, akampa mama kwa mikono miwili. Kijana akaonyeshwa mlango.

Nje, kijana alitweta kama aliyefukuzwa na mbwa. "Umenifedhehesha, Mama! Leo ningerudisha vyote!"

"Uliyasema hayo bandarini. Ukayasema ziwani."

"Sawa. Nitakwenda milimani. Kule hawakujui."

Mama Fundi akafungua mlango wa gari, akaketi, akajifunga mkanda, kadi akaisokomeza kifuani.

"Twende, baba. Milima sijawahi kuiona. Kila kasino utakayoingia, mgongo wako ni wangu. Niliubeba, nitausimamia."

Kijana alishika usukani, akatazama mbele, akatazama pembeni. Kisha akageuza gari kuelekea nyumbani.

Mzazi mwenzangu, usikae sebuleni ukikaanga wasiwasi wakati mwanao anauzwa kipande kipande. Mama Fundi mwenyewe moyo haujatulia. Simu ya kijana isipopokewa, hushika mkoba wa safari. Lakini gari lipo, na kadi anayo yeye. Mwanawe akimuuliza atamrudishia lini, humjibu:

"Ukishaacha kuniuliza."